Kisima cha Nyuma ya Tuta

Kaka yangu hajawahi kumaliza sahani ya chakula akiwa amekaa. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akimega matonge mawili, anainuka, anachungulia nje utadhani kuna mtu kamwita, anarudi, anamega la tatu akiwa amesimama mlangoni. Mama alimwambia akae hadi akachoka, mwishowe akawa anamwekea sahani yake dirishani ale akipita. Mtaani wakambandika jina la Kiguu na Njia, na jina likamganda. Hadi leo wakwe zake humwita hivyo akishawapa kisogo. Mimi na yeye tumeachiana ziwa, yeye mbele mimi nyuma. Nimekula naye, nimegombana naye, nimemkimbilia kwenye shida maisha yangu yote, na bado sijui anatafuta nini huko anakokwenda.

Kwa mtu wa aina hiyo, skimu ya umwagiliaji ilikuwa bahati ya mtende. Mfereji mkuu unaanzia kwenye banio, ule ukuta wa kukinga maji mtoni, na kuteremka bonde zima hadi mashamba ya mwisho, na enzi hizo ulikuwa wa udongo mtupu, unavuja kila mahali. Walihitaji mtu wa kuufuata, kutafuta penye mvujo na kuziba. Wenzake walikwenda kwa baiskeli. Yeye alivua viatu, akavifunga kamba na kuvining'iniza shingoni, akatembea peku juu ya tuta asubuhi kabla jua halijaupasha udongo moto. Alisema penye mvujo udongo huwa wa baridi hata kama juu umekauka, na unyayo hugundua kabla ya jicho. Mara nyingi alipatia. Mara nyingine aliwachimbisha watu mpaka jasho likawatoka, wakaibukia kwenye shimo la panya, na hapo walimcheka wiki nzima. Hakujali, maana kicheko chenyewe kilikuwa hakimkuti pale.

Shambani ndiko alikokuwa hana maana. Nasema hivyo kwa sababu ni kaka yangu na nina haki ya kusema. Baba alipogawa ardhi, shamba la ndani ya skimu, lenye zamu ya maji, lilikwenda kwa mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa nimeolewa, kwa hiyo baba alihesabu kwamba nina kwangu. Ndoa ilipovunjika nikarudi na mabegi yangu, nikapewa kipande kilichobaki nyuma ya tuta, nje ya mpaka wa skimu, mahali baba alipokuwa akifungia mbuzi. Upande mmoja kinapakana na kona ya mfereji mkuu, upande mwingine kinapakana na shamba la kaka. Zamu ya maji hakina na hakiwezi kupata, kwa sababu maji ni ya wanachama, na uanachama unakwenda na shamba la ndani. Nilichimba kisima kwa sababu sikuwa na la kufanya. Hata sikuchimba sana. Maji yalikuja mapema, tena matamu, nikakaa kwenye kifusi nikalia kwa furaha.

Hapo ndipo nilipoanzisha kitalu cha miche: nyanya, vitunguu, kabichi, pilipili hoho. Mche una tumbo la mtoto mchanga, haupewi chochote cha kubahatisha. Maji yakiwa na chumvi kidogo tu, kingo za majani zinaungua, na mkulima akiona hivyo anageuza baiskeli yake. Maji yangu hayakuwa na lawama, na miche yangu ikashika sifa. Walikuja watu wa juu ya bonde, wakaja na wa chini. Nilikuwa mwanamke aliyerudi kwao na mabegi; nikawa Mama Miche, mtu wa kusalimiwa kwanza. Sijawahi kupenda kitu hapa duniani kama nilivyokipenda kile kipande cha mbuzi.

Kila mtu alijua maji ya kisima changu yanatoka wapi. Kona ya mfereji ilikuwa pale pale, ukirusha jiwe kwa mkono wa kushoto linafika. Mfereji ulipofungwa kwa usafi, kisima kilishuka. Ulipofunguliwa, kikapanda. Kaka, bingwa wa mivujo, ndiye aliyesema wa kwanza. Alisimama peku pale kwenye kona, akakanyagakanyaga, akacheka peke yake, akaniambia huu mvujo hatauziba, huu ni wa ndugu yake. Nilimshukuru na kumpa kikombe cha chai, akainywa akiwa ameshaanza kuondoka na kikombe changu.

Sasa huyo aliyeziba mivujo ya bonde zima ndiye aliyekuwa mfujaji wa kwanza nyumbani kwake. Zamu yake ikifika alifungulia maji shambani, akasema anakwenda kuangalia mfereji mara moja, na ikawa basi. Maji yalijaza majaruba, yakafurika, yakatuama mpaka vyura wakahamia na familia zao. Majirani waliliita shamba lile Bwawani. Wifi yangu alikuwa akitoka mbio na jembe, sketi kaikunja magotini, kwenda kufunga. Mimi nami, kutoka upande wangu wa mpaka, nilimsaidia kwa mdomo. Nilimwita kaka mzembe, nilimwita mharibifu, nilimwambia mbele ya watoto wake kwamba baba akifufuka leo lile shamba atawapa mbuzi. Wifi na mimi hatukuwa tunapikika chungu kimoja, lakini kwenye hilo tulikuwa chama kimoja na wanachama wawili.

Ndipo wakaja watu wa mamlaka ya bonde. Walitukusanya kwenye ghala la skimu, tukakaa juu ya magunia, na aliyesimama kuzungumza alikuwa mhandisi wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya pole na buti zilizojaa matope, ambaye sote tulimwita Injinia. Hakutuzungusha. Alisema mto hautoshi tena. Alisema sehemu kubwa ya maji tunayoyachukua haifiki kwenye mzizi wa mmea wowote, na yale yanayorudi mtoni kwa mitaro yanarudi yamebeba mbolea na chumvi, na mji ulio chini yetu unakunywa mto huo huo na kujikamua kwa gharama za kuusafisha. Kwa hiyo mfereji mkuu utasakafiwa kwa zege, na kila shamba litafungiwa mita. Zamani tulilipia ukubwa wa shamba, uwe umemwaga au umetumia. Sasa tutalipia maji yanayopita kwenye mita, na ukivuka kiwango chako bei inapanda. Anayetaka mipira ya matone, ile inayodondoshea kila mche maji yake, mamlaka itamlipia nusu.

Wakulima waliguna. Mmoja akauliza kama watatufungia mita puani pia, watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wifi hakuguna wala hakucheka. Alinyosha mkono wa kwanza kuandikisha mipira. Nilimtazama na nikamwelewa kabisa: mwanamke aliyekimbiza maji kwa jembe miaka yote ile hatimaye ameambiwa kuna koki inayojua kufunga.

Kwa kaka mambo yalikwenda juu. Alipewa kusimamia maungio, yaani ile mianya kati ya bamba moja la zege na jingine, ambayo hujazwa lami ili maji yasipenye. Akawa anatembea na kikosi cha watu na pipa la lami linalotoa moshi, anarudi nyumbani ananuka barabara mpya. Nilimwona ana raha. Ila kadiri kazi ilivyosogea karibu na kona yangu, raha ile ikaanza kumtoka. Alikuja kitaluni, akainama kisimani, akachovya kidole, akaonja, akaondoka bila hata kuniaga. Kesho yake tena. Mimi nami nilikuwa roho juu juu. Nilikuwa nikianza kupalilia tuta hili la miche naliacha, naanza lile, naliacha, nakwenda kusimama kisimani kutazama maji ambayo hayakuwa yamefanya kosa lolote.

Nilimfuata Injinia na kumuuliza ana kwa ana kisima changu kitakuwaje. Namheshimu hadi leo kwa kuwa hakunidanganya. Alisema kwa sheria maji yaliyovuja hayana mwenyewe, kwa hiyo yakikoma hakuna anayepaswa kumlipa mtu fidia. Alisema chini ya bonde letu kuna maji ya chumvi, na haya matamu yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Yasipoongezwa kutoka juu, yale ya chini yatapanda. Akanishauri niombe wanachama wanipe toleo dogo, yaani tundu la kutolea maji, kwenye mfereji. Nikaenda kwa mwenyekiti wa skimu, ambaye nyanya zake zote zilizaliwa kitaluni kwangu. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza vizuri, akaninyima vizuri. Maji yatakayookolewa tayari yameahidiwa mashamba mapya ya bondeni. Yalikuwa na mwenyewe hata kabla hayajaokolewa.

Kaka sikumwomba kitu. Nilijiapiza. Ana watoto, na ile kazi ndiyo pekee duniani iliyomfaa. Ofisi gani nyingine ingemlipa mtu kwa kushindwa kutulia? Walipofika kwenye kona nilijifungia ndani, nikasikia mabamba yakishushwa na watu wakiimbiana, nikanusa lami. Jioni alipita dirishani kwangu na kusema, "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu," akapotea kabla sijamuuliza wasiwasi nisiwe nao kwa vipi.

Msimu ule kisima kilishika. Nikaanza kupumua. Msimu uliofuata nilikunywa maji yake mchana wa jua kali nikahisi kitu ulimini, nikajiambia ni kinywa changu. Miche ya vitunguu ndiyo iliyoniambia ukweli. Ncha zilikauka, rangi ya chai ya mkandaa. Nikadhani ni mdudu, nikapiga dawa. Kisha nyanya, kingo za majani zikajikunja na kuungua, tuta moja baada ya jingine. Nilichimba kisima kwenda chini zaidi, nikayakuta maji mabaya kuliko yale. Nilinunua maji ya pipa, nikachanganya, nikatega mvua kwa mabati, nikahamisha miche kivulini, nikairudisha juani. Wateja walikuja, wakapapasa majani, wakasema watapita kesho. Yule mwenyekiti alipita na baiskeli ana miche ya mtu mwingine, na akanipungia mkono kwa heshima zote.

Kaka alikuja kila siku. Anainama, anaonja, anatema, anakwenda hadi kwenye kona, anarudi, anaonja tena. Nilidhani anakuja kunihani. Nikamwambia aache, kisima kimekufa, aende zake. Akanitazama kwa namna ambayo sikuizoea, macho ya mtu aliyekosea mahesabu na hajui wapi. Alisema hakielewi kisima hiki, maana kinatakiwa kiwe na maji. Nilimkaripia kwa upumbavu huo na kumwacha amesimama.

Kumbe Injinia naye alikuwa na hesabu isiyokubali. Alikuwa akipima maji yanapoingia kwenye sehemu ya mfereji iliyosakafiwa na kuyapima tena yanapotoka, na yakitoka yalikuwa yamepungua. Mfereji wa zege mpya haupaswi kupungukiwa. Alikuja mwenyewe, akatembea tutani taratibu, kaka akiwa nyuma yake, na mimi na wifi tukatoka kila mmoja upande wake wa mpaka kutazama. Kwenye kona alisimama. Palikuwa na pande la nyasi lililokaa vizuri mno juu ya ungio moja. Akaliinua kwa ncha ya buti. Chini yake hapakuwa na lami hata chembe. Maji yalikuwa yakiingia ardhini polepole, bila kelele.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

"Mimi," kaka akasema. Hakujitetea hata kwa kukohoa.

"Kwa nini?"

"Kisima cha ndugu yangu."

Nilishika mti wa uzio. Sijui niseme nini kuhusu moyo wangu wakati ule, ila ulijaa mpaka ukauma, na wakati huo huo nilitaka kumzaba kofi. Wifi alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. Injinia alitazama kisima, akatazama kitalu changu kilichoungua, akageuka kwangu na kuuliza kama maji yamerudi. Nikamwambia hayajarudi. Akarudia swali kwa kaka, na kaka akatikisa kichwa. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi: ameweka kazi yake rehani kwa tundu lile, na tundu halifanyi kazi.

Injinia alikwenda garini akarudi na chupa ya rangi ya kijani, akaimimina kwenye ungio. Tukangoja. Hakuna aliyekaa. Kaka alikwenda kisimani na kurudi mara nyingi kiasi kwamba Injinia alimwomba asimame maana anamtia kizunguzungu. Kisima kilibaki na rangi yake ile ile. Mwishowe dereva wake akaita kutoka ng'ambo ya mfereji, kule bondeni kwenye matete. Kule kulikuwa kijani tupu. Maji ya kaka, yote aliyoyaiba kwa ajili yangu, yalikuwa yanapita chini ya mfereji na kwenda upande wa pili, kwa vyura.

Hapo Injinia akapanda kwenye tuta la mpaka na kutazama shamba la wifi. Mipira myeusi imenyooka, vitunguu vimejipanga kwenye mistari, kila kimoja kina doa lake la unyevu, na katikati ya mistari udongo mkavu wa vumbi. Shamba zuri kuliko yote upande ule, lazima niseme. Akauliza zamani lilikuwa linamwagiliwaje.

Kaka alitazama vidole vya miguu yake. Wifi ndiye aliyejibu. "Lilikuwa linafurika."

"Mara ngapi?"

"Kila zamu. Mume wangu alikuwa anasahau kufunga."

"Basi kisima kilikuwa kinakunywa hapa," Injinia akasema. "Siyo kwenye mfereji."

Alilieleza kwa upole, wala halikuwa jambo gumu. Mfereji ukifungwa, shamba nalo linakosa maji, kwa hiyo kisima kilishuka kwa vyote viwili na sisi tukamshika mfereji, yule aliyekuwa karibu na macho. Maji yaliyofurika Bwawani yalizama, yakasogea chini ya mpaka, yakajaa kwenye kisima changu juu ya ile chumvi. Wifi alipofunga mipira ya matone, msimu ule ule kisima kilipoanza kuharibika, hakuna tone lililozidi. Alifanya kile hasa alichoombwa na mamlaka, akakifanya vizuri, na mtaro wa chini ya shamba lake siku hizi haupeleki mbolea yoyote mjini. Nilisimama nikiwaza zile jioni zote nilizopiga kelele kutoka upande wangu. Kila nilipomtukana kaka, nilikuwa nimesimama juu ya fadhila yake na yeye mwenyewe haijui. Niliona aibu iliyonipanda kutoka miguuni.

Kibarua cha kaka kiliota nyasi siku ile ile. Injinia hakuwa na namna. Angemwacha, angepata wapi uso wa kuwatoza wengine faini? Alilisema huku akikung'uta matope kwenye buti, hakutaka kututazama. Ungio likajazwa lami na mtu mwingine.

Mkiwa mmewahi kufunga mbuzi asiyezoea kamba mnajua ilivyokuwa nyumbani kwa wifi baada ya hapo. Kaka alirekebisha viti vyote, vizima na vibovu. Alihamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha akakirudisha. Alitoka kwenda kwenye mfereji kama kawaida, akafika, akakumbuka hana la kufanya kule, akarudi. Wifi alikuwa na kila sababu ya kunichukia, na nilikuwa nikimkwepa. Kitaluni nilikuwa nimeshaanza kung'oa vichanja vya mbao nilivyopangia miche. Nilikuwa nimeongea na mtu anayenunua mbao chakavu.

Alinikuta natoa misumari. Alivuka mpaka, jambo ambalo hakuwa akilifanya bila sababu, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hakuuliza habari za asubuhi.

"Wifi, miaka yote ile tulikuwa tunakupa maji bila kujua," akasema. "Na wewe hukushukuru, kwa sababu nawe hukujua. Sasa tukikupa, tutakupa tukijua."

"Sijaomba, wifi."

"Najua hujaomba. Ungeomba ningekuwa nimeshakukatalia."

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka. Akaniambia lile jaruba la mpakani hawatalipanda msimu huu. Watatoa mipira yake, na zamu yao ikifika watalifungulia maji matupu bila mbolea, yafurike kama zamani. Kiwango chao watakivuka na bei itapanda, na nyumbani sasa hakuna mshahara. Alisema ananieleza ili nijue, siyo ili nikatae. Nikamwambia inachukua muda mrefu mpaka maji ya juu yaisukume chumvi chini, huenda msimu mzima, huenda zaidi. Akasema hilo Injinia amekwishamwambia, alikwenda kumuuliza. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilimshukuru kwa sauti kavu, nikaendelea kutoa misumari, na alipoondoka nikairudisha yote kwa nyundo.

Zamu ikafika. Wifi alikuwa ameenda sokoni na watoto, nadhani alifanya makusudi, asione. Kaka alikuwa kichwani mwa shamba, pale ilipo mita, amechuchumaa. Alifungua koki, na maji yakaingia kwenye jaruba lile tupu kwa ule mlio niliousikia miaka mingi na kuutukana. Safari hii nilisimama kwenye tuta la mpaka nikiyatazama. Yalikuwa yanakwenda polepole mno. Udongo ulikuwa umekaa msimu mzima bila kulowa, ukawa unayanywa pale pale yanapoingia, na ulimi wa maji ukawa unasogea kidogo, unasimama, unasogea.

Nilimtazama kaka. Mkono wake haukutoka kwenye koki. Alikuwa ameinamia kioo cha mita, ile namba ya mwisho inazunguka, na macho yake yanazunguka nayo. Huyu aliyeacha maji yakitiririka mchana kutwa akaenda zake, alikuwa hasogei hata kujikuna. Nilijua anachokihesabu. Mimi nami nilikuwa nakihesabu kutoka kule niliko: sare za shule, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote vikipita kwenye kile kioo na kuzama ardhini kwa ajili yangu. Nikaanza kuomba yasogee haraka. Kisha nikaanza kuomba yakome.

Akainua kichwa. "Inatosha, mdogo wangu?" akaita.

Maji yalikuwa hayajafika hata katikati ya jaruba. Kutoka yalipoishia hadi kwenye miguu yangu palikuwa pakavu, pana nyufa.

"Inatosha, kaka," nikamwambia. "Funga."